Jinsi ya Kutofautisha Hulka na Ugonjwa Pale Mgonjwa wa Sonona Anapokuwa Mkali

Anapotajwa mgonjwa wa sonona, wengi humwona akilini mtu aliyejikunyata kitandani, mwenye machozi ya karibu na sauti isiyosikika vizuri. Wagonjwa wa namna hiyo ni wengi, lakini wapo pia ambao sonona yao hujitokeza kwa kufoka, kubamiza milango, kutupa vitu na kumkaripia kila anayewasogelea. Jamaa wa wagonjwa hawa huwahi kutoa hukumu kwamba ndivyo alivyo, kazaliwa mkali, na hukumu hiyo ikishatoka hakuna tena anayefikiria daktari, kwa sababu hakuna anayepeleka tabia hospitalini. Kosa la upande wa pili nalo lipo: ubabe uliokuwapo miaka mingi kabla ya ugonjwa husamehewa wote kwa jina la sonona, na wanaoumizwa huambiwa wavumilie.

Mwongozo huu unamlenga anayeishi na mgonjwa wa sonona au anayemwuguza, ingawa mgonjwa mwenyewe anaweza kuufuata, na mara nyingine huufuata kwa uaminifu kuliko jamaa zake. Haumfanyi msomaji awe daktari. Unamwezesha kufika kwa daktari akiwa na maelezo ambayo daktari hawezi kuyapata kwa dakika chache za kumtazama mgonjwa aliyekaa kimya kwenye kiti.

Hatua ya 1: Usalama kwanza, uchambuzi baadaye

Kabla ya kuuliza ukali umetoka wapi, uliza kama kuna mtu aliye hatarini leo. Ikiwa mgonjwa ametishia kuua au kujiua, ameshika silaha, amempiga mtu, au anazungumza kana kwamba anaaga, acha kusoma hatua zinazofuata na utafute msaada wa dharura. Waondoe watoto mahali hapo, usimwache peke yake ikiwa hatari ni kwake mwenyewe, na usibaki naye peke yako ikiwa hatari ni kwako. Akiba ya dawa, sumu za wadudu na silaha ziondolewe mapema, nyumba ikiwa imetulia, kwa maana vurugu ikishaanza hakuna atakayepata nafasi ya kuzikusanya.

Hata hivyo hofu iwe na kipimo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 uliwafuatilia wagonjwa wa sonona zaidi ya 47,000 nchini Sweden waliokuwa wakitibiwa bila kulazwa. Wanaume 3.7% na wanawake 0.5% kati yao walipatikana na hatia ya uhalifu wa kutumia nguvu katika kipindi cha ufuatiliaji, ilhali katika watu wa kawaida waliolinganishwa nao idadi ilikuwa 1.2% kwa wanaume na 0.2% kwa wanawake. Hatari imepanda karibu mara tatu, na bado wanaume zaidi ya 96 katika kila 100 hawakupatikana na hatia yoyote ya aina hiyo. Mgonjwa wa sonona yumo katika hatari kubwa zaidi ya kujidhuru mwenyewe kuliko ya kumdhuru mwenzake, kwa hiyo hata yule anayefoka kutwa aulizwe, waziwazi na kwa upole, kama amewahi kuwaza kujiua. Swali hilo halimpandikizii mtu wazo ambalo hakuwa nalo.

Hatua ya 2: Eleza kinachotokea badala ya kusema "ana hasira"

Mwaka 1992 wanasaikolojia Arnold Buss na Mark Perry walitoa dodoso la maswali 29 linaloupanga ukali katika mafungu manne: kupiga, kushambulia kwa maneno, hasira inayochemka mwilini, na uhasama, yaani ile imani ya kudumu kwamba watu wana nia mbaya. Mgawanyo huo unafaa hata kwa asiyekuwa na dodoso lenyewe. Mtu anaweza kuwa na uhasama mzito moyoni asiinue mkono hata mara moja, na mwingine akapiga meza bila kinyongo chochote kwa aliyekaa upande wa pili. Amua kwanza unachokiona ni kipi kati ya hivyo vinne, au ni viwili vinavyofuatana.

Lipo tukio moja ambalo kila anayeishi na mgonjwa wa sonona anapaswa kulijua. Tangu mwaka 1990 daktari wa magonjwa ya akili Maurizio Fava na wenzake wa Boston, Marekani, walieleza mashambulio ya hasira kwa wagonjwa wa sonona, na kwa makadirio yao takriban mgonjwa mmoja kati ya watatu huyapata. Hasira hulipuka ghafla kwa jambo dogo, moyo hudunda, uso hupata joto, jasho hutoka, na mtu hujisikia kama anataka kumrukia aliye mbele yake. Baada ya muda mfupi yote huisha, na nyuma yake huja majuto makali, mara nyingi pamoja na maneno kama "sijui nini kimenipata". Hayo majuto, na ile hisia kwamba aliyefanya vile si yeye, ni dalili yenye uzito. Mwenye tabia ya ukali wa siku zote kwa kawaida hutetea alichokifanya. Mwenye mashambulio haya hukionea haya.

Hatua ya 3: Tafuta alivyokuwa kabla

Hii ndiyo hatua inayoamua mengi, na ndiyo inayorukwa. Sonona ina mwanzo. Vigezo vya Chama cha Wataalamu wa Magonjwa ya Akili cha Marekani vya mwaka 2013 vinataka dalili tano kati ya tisa ziwepo karibu kila siku kwa muda usiopungua wiki mbili, ikiwamo huzuni au kupoteza hamu ya mambo, na ziwe badiliko kutoka hali ya awali ya mtu huyo. Hulka haina mwanzo wa namna hiyo. Imejengeka tangu utoto na ujana, na huonekana kazini, shuleni, kwa marafiki na nyumbani, katika miaka ya raha na ya shida. Kwa hiyo swali la kwanza kwa ndugu, kwa rafiki wa zamani au kwa mtu aliyefanya naye kazi ni hili: kabla ya kipindi hiki, alikuwa akifanya nini alipoudhiwa? Waulize watu wasiopungua wawili, na mmoja wao awe mtu asiyeishi naye, kwa kuwa wanaoishi nyumba moja na mgonjwa huwa wamechoka, na mchovu hukumbuka miaka yote kwa rangi ya mwezi huu.

Wanasaikolojia hupima hulka kwa sifa kuu tano: wepesi wa kufadhaika, uchangamfu, uwazi wa mawazo, upole wa kupatana na watu, na umakini wa kutimiza wajibu. Kwa jambo letu mbili zina uzito zaidi. Mwenye wepesi mkubwa wa kufadhaika huumizwa upesi na huchelewa kutulia, na sifa hii ndiyo inayoambatana na sonona kuliko nyingine zote. Mwenye upole mdogo wa kupatana na watu huelekea kushuku, kushindana na kujibu kwa ukali. Zikikutana kwa mtu mmoja, kisha sonona ikaja juu yake, uhasama huwa jambo la kutarajiwa. Ongeza hapo wepesi wa kutenda kabla ya kufikiri, ambao huongeza hatari pande zote mbili, ya kumwumiza mwingine na ya kujiumiza, kwa kuwa kati ya wazo na mkono hapabaki nafasi ya kusita.

Zipo hulka nyingine zinazobadili uelekeo wa hasira badala ya kiasi chake. Mtu anayejidai mengi na kujilaumu kwa kila upungufu huigeuza hasira ndani. Jamaa humwona mpole, na upole huo usiwadanganye. Sigmund Freud, daktari aliyeanzisha tiba ya kuchambua nafsi, alikuwa na nadharia hiyo mwaka 1917, kwamba lawama anazojirundikia mgonjwa zilimlenga mtu mwingine, na ingawa leo hakuna anayeifanya kuwa maelezo ya sonona yote, wapo wagonjwa ambao inawaelezea vizuri. Kinyume chake ni yule ambaye maisha yake yote yamesimama juu ya kupendwa na kukubaliwa. Huyu huwaka anapohisi anaachwa, na mara nyingi humwakia yuleyule anayemhitaji: mke aliyechelewa kurudi, rafiki ambaye hakujibu ujumbe, daktari aliyeahirisha miadi.

Hapa pana mtego. Mtu akijaza dodoso la hulka akiwa katikati ya sonona, alama za wepesi wa kufadhaika hupanda na za uchangamfu hushuka, kisha ugonjwa ukipungua alama nazo husogea kuelekea zilipokuwa. Ndiyo maana vipimo vya hulka, hasa vile vya kwenye simu vinavyotoa jibu ndani ya dakika tano, havifai kitu kwa mtu aliye mgonjwa. Ushahidi wa waliomjua kabla ni bora kuliko alama zake za leo.

Hatua ya 4: Andika daftari la wiki mbili

Kumbukumbu ya mtu aliyekaripiwa si ya kutegemewa, hata akiwa mkweli. Chukua daftari na kwa kila tukio andika siku na saa, kilichotangulia, usingizi na chakula cha siku hiyo, pombe kama ilikuwapo, alichofanya hasa, kilidumu muda gani, na alikuwaje baadaye. Usiandike maoni. "Alinidharau" ni maoni; "aliondoka nikiwa nazungumza" ni tukio. Mgonjwa ajue kwamba daftari lipo, na ikiwezekana aandike lake pia, kwa sababu daftari la siri likigunduliwa humthibitishia kila alichokuwa akishuku.

Tazama matukio mawili ya kubuni, ya watu wawili tofauti. La kwanza: "Jumanne, saa 12 jioni. Hajala tangu asubuhi. Usiku alipata usingizi wa saa tatu tu. Mtoto aliangusha kikombe. Alipiga kelele, akapiga meza kwa kiganja, akatoka nje. Baada ya nusu saa alirudi, akamwambia mtoto, 'Nisamehe mwanangu, hujafanya kosa,' akaingia chumbani na kulia." La pili: "Ijumaa, saa 2 usiku. Aliulizwa ilipo fedha ya karo. Hakupandisha sauti. Alisema, 'Ukiniuliza tena utajuta.' Simu ikaita, akapokea akicheka. Hakulirudia jambo hilo wala hakuomba radhi."

Katika tukio la kwanza hasira haina shabaha. Imemwangukia aliyekuwa karibu, mwili ulikuwa umeishiwa nguvu, na majuto yamefuata. Tukio la pili lina shabaha na lina faida, maana limezima swali, na aliyelifanya alikuwa na uwezo wa kubadili sura mara simu ilipoita. Hilo haliwezi kubebeshwa sonona, hata kama mtu huyo anayo. Lakini usiharakishe kutumia kigezo cha "mbona kazini hamfokei bosi", ambacho watu wanakipenda sana. Wagonjwa wengi hujizuia kutwa nzima mbele ya watu, na nguvu ya kujizuia ikiwaishia jioni, hulipukia nyumbani. Tukio moja halihukumu; angalia mwelekeo wa wiki zote mbili.

Katika daftari hilo tafuta pia kule kutafuna jambo moja akilini bila kulimaliza. Mgonjwa anayerudia kusimulia dharau ileile ya miezi mitatu iliyopita, kila mara kwa maneno makali zaidi, anajiongezea huzuni na hasira kwa wakati mmoja. Sonona humfanya asome sura na maneno yasiyo wazi upande wa ubaya, hivyo "umeshakula?" inasikika kama lawama, na kila siku inampa jambo jipya la kutafuna.

Hatua ya 5: Ondoa visababishi vingine

Hapa mambo ni mafupi lakini hayarukwi. Pombe hulegeza kujizuia na huzidisha sonona, na ukali wake hufuata ratiba ya kunywa. Tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi huleta wasiwasi, kutetemeka na hasira za karibu, na kipimo cha damu huitambua. Maumivu ya kudumu, kukosa hewa usingizini na dawa kadhaa, zikiwamo za jamii ya steroidi na baadhi ya dawa za kifafa, zinaweza kumbadilisha mtu mpole. Kwa mzee aliyeanza ukali uzeeni, daktari atataka kuchunguza pia ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu.

La kutazamwa kwa makini kuliko yote ni ugonjwa wa baipola, ambao humshusha mtu katika sonona kwa vipindi na vipindi vingine humpandisha katika msisimko uliopita kiasi. Ikiwa mtu huyu amewahi kuwa na siku kadhaa mfululizo za kulala saa chache bila kuchoka, kusema haraka, kutumia fedha ovyo na kujiona hana mfano, daktari aambiwe kabla ya kuandika dawa yoyote, kwa kuwa dawa za sonona zikitolewa peke yake kwa mgonjwa wa baipola zinaweza kuuwasha upande wa pili wa ugonjwa, yaani ule msisimko.

Hatua ya 6: Mpelekee daktari daftari, na utaje ukali wewe mwenyewe

Usingoje kuulizwa. Dodoso linalotumika sana kupima sonona, la maswali tisa lenye alama 0 hadi 27, linauliza usingizi, hamu ya kula, uchovu, kujiona hufai na mawazo ya kujidhuru, lakini halina swali hata moja kuhusu hasira. Alama 10 na kuendelea huchukuliwa kuwa ishara ya kufanya uchunguzi zaidi. Mtu anaweza kupata alama 12, akaonekana ana sonona ya wastani, na hakuna atakayejua kwamba mlango wa chumba chake umevunjwa mara mbili. Katika vigezo vile vya mwaka 2013, hasira za karibu zimewekwa miongoni mwa dalili kuu kwa watoto na vijana tu, si kwa watu wazima. Kwa maoni yangu upungufu huo umewafanya watu wazima wengi, wanaume hasa, waonekane wakorofi pale ambapo walikuwa wagonjwa.

Mweleze daktari mambo matatu: mtu huyu alikuwaje kabla, ukali ulianza lini ukilinganishwa na huzuni au kukosa usingizi, na baada ya kulipuka huwa anafanya nini. Yakiwa wazi hayo, matibabu huelekezwa vizuri zaidi. Mashambulio ya hasira yaliyokuja pamoja na sonona yana kawaida ya kupungua sonona inapotibiwa. Katika tafiti za Fava na wenzake zaidi ya nusu ya wagonjwa waliokuwa nayo waliacha kuyapata baada ya tiba ya dawa. Ukali uliokita katika hulka hauondoki kwa kidonge. Unahitaji tiba ya mazungumzo inayomfundisha mtu kuitambua hasira mapema, kuchunguza tafsiri anazozitoa kwa matendo ya wengine, na kudai haki yake bila kushambulia. Wengi wanahitaji vyote viwili.

Dawa za sonona huchukua wiki kadhaa kabla ya manufaa kuonekana. Wiki za mwanzo na siku za kubadilishiwa dozi zinataka macho, kwa sababu baadhi ya watu hupata hali ya kutotulia, hawawezi kukaa wala kusimama, na hukasirika kuliko awali. Mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza onyo kali la mawazo ya kujiua kwa watoto na vijana wanaotumia dawa hizi mwaka 2004, na mwaka 2007 ikalifikisha kwa vijana wa hadi miaka 24. Mgonjwa akionyesha hali hiyo, daktari ajulishwe siku hiyohiyo. Asiziache ghafla kwa uamuzi wake, maana kukatisha dozi nako huleta hasira na kukosa usingizi.

Hatua ya 7: Nyumbani, wakati wa mlipuko na baada yake

Mlipuko ukianza, punguza sauti yako, punguza maneno, na ongeza umbali. Usimzuie mlangoni, usimshike mkono, wala usianze kumweleza kwamba huo ni ugonjwa wake unaozungumza. Hakuna anayetulizwa kwa kuambiwa hivyo. Sentensi moja inatosha: "Naona umekasirika sana. Natoka kidogo, nitarudi tuzungumze." Kisha utoke kweli, na urudi kweli.

Ushauri wa kumpa mto aupige ili "atoe hasira" uachwe. Mwanasaikolojia Brad Bushman aliupima mwaka 2002: waliopiga begi la mazoezi huku wakimfikiria aliyewaudhi walibaki na hasira zaidi na wakawa wakali zaidi kuliko waliokaa kimya bila kufanya chochote. Mazoezi ya kila siku yana faida kwa sonona, lakini yafanywe kwa ajili ya mwili, si kwa kumtwanga adui wa mawazoni.

Mazungumzo ya maana hufanyika akiwa ametulia, na yahusu tukio moja tu, lile la mwisho. Weka mipaka kwa maneno yanayoweza kutekelezwa: kukasirika kunaruhusiwa, kupiga na kutisha hakuruhusiwi, na likitokea nitaondoka na watoto. Kujua kwamba mtu ni mgonjwa kunabadili namna unavyomwona. Hakumwondolei wajibu wa kutoumiza, wala hakukulazimishi wewe kubaki mahali unapoumizwa.

Hatua ya 8: Pima upya baada ya nafuu

Huzuni ikishapungua, usingizi ukirudi, na hali hiyo ikadumu miezi miwili hivi, rudia daftari la wiki mbili kwa vipengele vilevile, kisha uyaweke madaftari mawili ubavu kwa ubavu. Yaliyotoweka yalikuwa ya ugonjwa. Yaliyobaki yachunguzwe kwa namna mbili. Kwanza, huenda ni masalia ya sonona isiyopona sawasawa, na hasira zinazobaki baada ya nafuu ni sababu ya kurudi kwa daktari kuangalia dozi na tiba upya. Pili, yakilingana na yale waliyoyasimulia waliomjua zamani, basi hiyo ni hulka, na mtu huyo sasa ana utulivu wa kutosha wa kuifanyia kazi pamoja na mnasihi, kazi ambayo isingewezekana alipokuwa hana nguvu ya kutoka kitandani.

Sonona ina tabia ya kurudi, na kwa wengi hurudi kwa mlango uleule. Kwa hiyo andikeni pamoja, yeye akiwa mzima, ishara tatu au nne za mwanzo zilizoonekana katika daftari la kwanza, kwa mfano kukosa usingizi usiku tatu mfululizo, kuacha kupokea simu za rafiki fulani, au kuanza kufoka asubuhi kabla ya kuondoka, na mkubaliane nani atamwambia, kwa maneno gani, na daktari yupi atapigiwa simu.